Mugumo, Kijito na Sauti ya Mama

Kitabu cha picha cha mtoto wahakiki huwa tunakipitia haraka haraka: tunataja dhamira, tunasifu michoro, basi. Huko ni kukidharau. Hapa nataka tuviangalie vitabu viwili kuhusu Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004: Planting the Trees of Kenya cha Claire A. Nivola (2008) na Seeds of Change cha Jen Cullerton Johnson, kilichochorwa na Sonia Lynn Sadler (2010). Vyote vimetoka Marekani kwa Kiingereza. Swali langu ni moja: mtoto anaambiwa na nani kwamba maji yana ulinzi?

Kisa chenyewe Wangari alikieleza katika Unbowed (2006). Alipokuwa mdogo huko Ihithe, Nyeri, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu na mti palikuwa na kijito chenye mayai ya vyura, naye akijaribu kuyavaa kama shanga. Miaka mingi baadaye alikuta mugumo umekatwa kupisha chai, kijito kimekauka. Ukubwani ndipo alipoelewa kwamba mizizi ile ilizama chini sana, ikishika udongo na kuyapandisha maji. Yaani mwiko wa mama ulikuwa kazini kabla mtaalamu hajafika.

Nivola amefanikiwa sana katika mandhari. Tunaiona nchi kabla ya kumwona shujaa. Na kijito hakukisahau: shanga za mayai zipo mwanzoni, na zinapotoweka mtoto yeyote atauliza zimekwenda wapi. Lakini hebu tazama: mugumo ni mtakatifu, Wangari anajua hapaswi kuugusa. Amejuaje? Mama yupo kama mtu wa kuchotewa maji tu. Mila inakuwa kama hewa, haina mwenyewe.

Johnson yeye anaanza na mama, anayemwita binti yake na kumwonyesha mugumo. Hapo mila ina mdomo, na rangi kali za Sadler zinaipa heshima. Ila kijito hakiibebi hadithi kama kwa Nivola, kwa hiyo mtoto anaupenda mti bila kuona ulikuwa unayafanyia nini maji. Nikilazimishwa kuchagua, nachukua cha Johnson. Habari ya maji mwalimu anaweza kuiongezea darasani; mama akishaachwa nje ya kitabu, kumrudisha ni kazi.

Hili linaniuma mimi wa Kishanda. Sisi Wahaya tunaye Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba, anayeimbwa kwenye enanga; tuna muziro, mwiko wa kila ukoo. Bibi yangu hakuturuhusu kufulia kwenye chemchemi: alimtaja Mugasha kwanza, kipindupindu baadaye. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, umefanya kazi ya kushukuriwa, lakini Mugasha wa kuandikwa mimi nilikutana naye chuoni, katika tafiti za Profesa M. M. Mulokozi, si kwenye kitabu cha picha. Wapo watakaosema eti huo ni ushirikina, tusiwape watoto. Wangari alisomea biolojia, akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na hakuona haya kuusimulia mwiko wa mama yake.

Limebaki suala la tafsiri. Mfasiri akiandika “mtini”, mtoto ataukumbuka mti wa Biblia. Akiandika “mkuyu” atakaribia, ingawa huo ni mti mwingine wa jamii hiyo hiyo. Mimi ningeacha mugumo kama ulivyo, na huku Kagera mwalimu aruhusiwe kutamka omutoma, ule ambao wazee walibandua magome yake kutengenezea nguo.