Ni Nani Anayelipa? Faust na Hadithi za Utajiri wa Ghafla

Ni desturi ya baadhi ya wahakiki kuiona kila hadithi ya mtu aliyetajirika kwa mapatano na shetani kuwa ni kivuli cha Faust, tamthilia ya kishairi ya Goethe, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1808 na ya pili mwaka 1832. Rai hii yahitaji kuchunguzwa.

Faust wa Goethe hauzi roho, anaweka dau. Mephistopheles atashinda iwapo Faust ataridhika na nukta moja ya maisha hata aitake isipite. Tena mwishoni Faust anaokoka. Kuuza roho kwa muda maalumu ni jambo la hekaya kongwe zaidi, iliyochapishwa Frankfurt mwaka 1587.

Katika filamu ya Kinaijeria Living in Bondage (1992), Andy hatoi roho yake. Anamtoa kafara mkewe, Merit. Mtazamaji wa filamu za namna hii katika mtaa wa Ngoingwa, mjini Thika, hajali kama tajiri ataridhika au la. Analouliza ni hili: ni nani katika jamaa aliyelipa? Wala hofu hiyo si ya sinema tu, kwani mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani nchini Kenya.

Je, Faust amepotoshwa? La. Gretchen, mama yake, kaka yake na mtoto wake wanaangamia kwa sababu ya tamaa ya Faust, naye shujaa anaendelea na safari. Gretchen anaporudi mwishoni, anarudi kumwombea. Merit anarudi akiwa mzuka, kudai. Filamu imemweka mbele yule ambaye Goethe alimwacha pembeni.

Hata hivyo filamu inakomea kwa mkosaji mmoja na nyumba yake. Ebrahim Hussein alikwisha kuvuka mpaka huo katika Mashetani (1971): mchezo wa Juma na Kitaru, mmoja akiwa Shetani na mwingine Binadamu, unafichua uhasama kati ya jamaa zilizopoteza mali na jamaa zilizoipata. Hapo deni si la mtu, bali la tabaka.

Basi hadithi hizi zisipimwe kwa ukaribu wake na Goethe. Zipimwe kwa jinsi zinavyomtaja mlipaji, na kwa ujasiri wa kuuliza mali yenyewe ilitoka wapi.