Kiziwi Mchora Mbwa

Hapa Mahagi-Port kila mtu anawajua mbwa wa kando ya ziwa. Asubuhi mitumbwi ifikapo, wao wamekwisha kufika. Wanangoja vichwa vya samaki, na mpita njia hujihadhari na miguu yake. Lakini nani kati yetu amekaa chini akawatazama vema, mmoja mmoja, hata aweze kusema: huyu mkia wake umepinda, na yule sikio lake moja limelala? Sisi wenyewe hatujafanya hivyo. Yuko mtu aliyeifanya kazi hiyo mbali sana na ziwa letu, na leo twapenda kuieleza michoro yake.

Jina lake ni Dion Beasley. Alizaliwa mwaka 1991, naye ni wa kabila la Alyawarr, moja katika makabila ya wenyeji wa asili wa Australia. Makao yake yamekuwa Tennant Creek, mji mdogo katika nchi kavu, karibu kilomita 1000 kusini ya Darwin. Ni kiziwi kabisa, tena ana ugonjwa wa kulegea misuli, hata akahitaji kiti cha magurudumu. Mlezi wake, Joie Boulter, aliona jinsi kijana huyu alivyopenda kuchora mbwa, akamsaidia. Kwanza michoro ilipigwa chapa juu ya fulana. Kisha mwaka 2013 kikatoka kitabu cha watoto, Too Many Cheeky Dogs, maneno yake yakiandikwa na Johanna Bell. Vingine vilifuata mwaka 2016 na 2019.

Neno hilo "cheeky" lataka maelezo. Katika Kiingereza cha wenyeji wa huko, mbwa wa namna hiyo si mtundu tu, bali ni mkali, aweza kukuuma. Basi Beasley hapendi mbwa wa kubembelezwa mapajani. Anapenda mbwa wa barabarani, wenye meno, wanaogombana na kufukuzana. Wala hawapambi. Kwa mstari mwembamba anawaweka mgongo, mkia na miguu, na kila mmoja ana tabia yake. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza tunayompa: anapenda bila kusema uwongo juu ya anachokipenda.

Kasoro tunayoiona haiko katika mkono wake. Kitabu cha kwanza kinamfundisha mtoto kuhesabu mbwa, siku kwa siku. Hiyo ni kazi njema, lakini mtoto akiisha kuhesabu aweza kufunua ukurasa mwingine upesi, na michoro inataka akae. Kwa hiyo twakiona kitabu cha mwaka 2019 kuwa bora zaidi, maana humo msanii anasimulia maisha yake mwenyewe, na mbwa wanarudi mahali pao, kati ya nyumba na njia za watu wake.

Wako watakaosema: "Maskini, kiziwi, tazama alivyojitahidi!" Sisi hatukubali. Maneno hayo ni sadaka, si hukumu. Michoro yafaa ipimwe kama michoro, nayo yashinda kipimo hicho. Wahenga walisema, kusikia si kuona. Sisi tunaosikia tumewasikia mbwa wakibweka usiku kucha, wala hatujawaona.

Katika msitu wetu wa Ituri wako mbwa wasiobweka. Wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua walipo. Hakuna mwindaji amwambiaye mbwa huyo mjinga kwa kuwa hana sauti. Anamchongea kengele, wanakwenda kuwinda pamoja. Lakini mtoto kiziwi twamwita bubu, kana kwamba hilo ndilo jina alilopewa, naye huachwa kuchunga mbuzi wenzake waendapo shuleni. Hatusemi kila kiziwi atakuwa mchoraji. Twasema tu kwamba mtoto huyo naye ana jambo la kutuambia, na kazi ya kumtafutia njia ni yetu.

Basi msomaji, kama nyumbani kwako au kwa jirani yuko mtoto wa namna hiyo, mpe kipande cha karatasi na kalamu, au kaa na ukuta. Kisha usimwonyeshe la kuchora. Ngoja uone anachokiona.