Vijini wa Maua wa Cicely Mary Barker: Uongo wa Kipimo Kimoja

Vitabu vya Flower Fairies vya mchoraji Mwingereza Cicely Mary Barker (1895–1973) husifiwa kuwa ni ndoto tupu, na sifa hiyo inampunja. Picha zile zilianzia nyumbani kwao Croydon, kwa mtoto wa watu na tawi la mmea halisi. Dada yake, Dorothy, aliendesha chekechea humo humo nyumbani, na wanafunzi wake ndio waliosimama kuchorwa, kila mmoja ameshika ua la mmea wake ili mchoraji asikosee umbo wala mguso wa jani. Mmea ukiadimika, wafanyakazi wa bustani ya mimea ya Kew walimletea. Mavazi aliyashona mwenyewe kwa kufuata petali na majani, mabawa akayaunda kwa vijiti na shashi, na picha ikiisha aliyafumua ili kitambaa kitumike tena. Alichobadilisha ni kimoja tu: ua alilikuza hadi likalingana na mtoto. Kwa kuwa mikunjo ya vazi ni ya kitambaa kilichoning'inia kweli, na mishipa ya jani iko mahali pake, mtazamaji hana pa kushtukia ila kwenye kimo. Na kimo, penye karatasi isiyo na mtu mzima wala nyumba ya kulinganishia, hakipimiki.

Atasema mtu kwamba huko ni kunakili, si kubuni. Lakini petali haijigeuzi rinda yenyewe. Kuliona rinda ndani ya petali ndiko kubuni, na kushona kulimwezesha kulijaribu wazo kabla ya kulipaka rangi. Alikuwa amejifunza kwa kuwatazama wachoraji wa kundi la Pre-Raphaelite, waliotaka maumbile yachorwe kwa uaminifu hata ndani ya hadithi za kale. Hoja yenye uzito zaidi ni ya soko, kwamba alifuata tu wimbi la watu kupenda vijini: kitabu chake cha kwanza kilitoka 1923, mwaka mmoja baada ya mwandishi Arthur Conan Doyle kuzitetea kitabuni picha za kamera zilizodaiwa kuonyesha vijini halisi huko Cottingley, Uingereza. Soko lilikuwapo, sikatai, ingawa yeye alilipwa pauni 25 tu kwa michoro 24 na mashairi yake. Ila vijini wa Cottingley walikuwa vikato vya karatasi vilivyosimamishwa kwa pini za kofia, kama waliozipiga picha hizo walivyokiri miaka ya 1980, na leo tunawatazama kwa kucheka; soko peke yake, basi, halielezi kwa nini wa Barker wanashawishi. Ninachomkosoa Barker ni nyuso. Jicho lililohesabu meno ya jani linalegea likifika kwenye mashavu, na watoto wengi wanatoka watamu kupita kiasi. Hata hivyo hakumdanganya mtu: katika kitabu chake cha 1948 aliwaeleza wasomaji kwamba mimea yote ameichora kutoka kwenye mimea halisi, lakini kijini hajapata kumwona.