Radi ya Sumbawanga: klipu inapokatika mapema

Zile klipu unazijua: mtu kadhulumu shamba, mzee wa Sumbawanga kanuna, radi inashuka, paa! Unacheka, na una haki, maana waigizaji wanajua kazi yao. Shida ni kinachobaki kichwani baada ya kicheko.

Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa ni wazi. Msimu wa mvua, chembe za barafu hugongana ndani ya mawingu na kutenganisha chaji za umeme. Radi mara nyingi hupiga kilichochomoza: mti, au mkulima aliye peke yake shambani. Haimjui mdaiwa.

Klipu huishia mtu anapoanguka. Pale ndipo ingepaswa kuendelea. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini: mguse, asipopumua mbonyeze kifua, mwahishe hospitali. Anayeamini radi "imetumwa" ataogopa kumgusa, kisha atamsaka mzee wa kulaumu. Hapo wameumia wawili.

Waigizaji, utani endeleeni nao. Ila ngurumo ikisikika, basi mhusika mmoja akimbilie ndani ya nyumba, si chini ya mwembe.