Timazi, mshipi na shokapu

Juu ya meza ya mbao iliyopigiliwa bati, katika gereji moja ya Unga Limited, Arusha, fundi amepanga seti tatu za shokapu. Ya kwanza ni zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani, Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006. Ya pili ni koilova mpya, yaani shokapu zenye nyuzi za kurekebisha urefu, za BC Racing kutoka Taiwan, bado zina karatasi ya nailoni. Ya tatu ni Öhlins Road & Track za Sweden, ambazo mwenye gari amezinunua zikiwa zimetumika. Kijana mwenyewe amesimama pembeni, funguo mkononi.

"Mzee, ipi kali?"

"Unapita wapi, mwanangu?"

Ilichukua muda kulijibu swali hilo. Lami ya kwenda Moshi. Matuta, rasta, mara chache barabara ya vumbi kwenda nyumbani kwa wazazi. Wikiendi nyingine anakimbiza gari kwenye kona za mlimani, ila hilo alilisema kwa sauti ya chini. Fundi alisikiliza yote, kisha akatoa chaki mfukoni.

Gari lenyewe linastahili heshima. Milango minne, injini ya lita 2 yenye tabo, magurudumu yote manne yanavuta, breki za Brembo. Impreza za mashindano zilishinda Safari Rally mwaka 1997 zikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 kwa mkono wa Richard Burns. Vijana wengi wanaoshusha Subaru zao hadi tairi zinakaribia kugusa madigadi hujitapa kwa ushindi huo. Sijui kama wamewahi kuzitazama vizuri picha za magari yale: kwa ajili ya Safari yalinyanyuliwa juu, yakapewa shokapu zenye mwendo mrefu, kwa sababu mawe ya huku hayaheshimu jina la mtu.

Kabla ya kugusa spana, fundi anapima. Anaweka ncha ya futi ya chuma katikati ya gurudumu na kuipandisha hadi ukingo wa madigadi, kisha anaandika namba kwa chaki sakafuni, mbele ya kila gurudumu. Hapimi kutoka chini, kwa sababu tairi iliyolika au iliyopungua upepo ingemdanganya. Namba nne, na upande wa dereva nyuma umeshuka milimita 6 kuliko mwenzake. Anazitazama namba zile kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari.

Ndipo jeki inapoingia, na baada ya jeki stendi. Haingizi hata bega chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Gurudumu likitoka, anafungua kwanza vitu vidogo: kibanio cha mpira wa breki, kisha waya wa ABS. Bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu ya mbele chini hazilingani. Ya juu ina duara lililopinda kidogo, na ndiyo inayoamua gurudumu lisimame wima au lilale. Anaichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kabla ya kuilegeza, ili ajue ilikuwa imekaa wapi. Anafunga habu kwa waya ili isianguke ikavuta mpira wa breki au kuchomoa shafti. Mwisho anafungua nati tatu chini ya boneti, mkono mmoja juu, mwingine ukiwa tayari umeshika uzito wa shokapu.

Katika magari mengine shokapu hutuliza springi tu. Kwenye gari hili, mbele na nyuma, shokapu ni sehemu ya mguu wenyewe. Inashika gurudumu lisiegemee. Ni mpangilio unaobeba jina la mhandisi wa Marekani, Earle MacPherson. Kwa hiyo gari likikata kona, fimbo ya shokapu haisukumwi juu na chini pekee. Inasukumwa pia kwa ubavu, na fimbo nyembamba ikisukumwa hivyo hung'ang'ania ndani ya sili yake badala ya kuteleza.

Kiwanda kilijibu tatizo hilo kwa kuigeuza shokapu juu chini. Fundi anaibana ya zamani kwenye jiliwa, kwa vipande vya mbao ili asiiumize, na kuonyesha: bomba nene ndilo linaloteleza ndani ya ala, fimbo nyembamba imejificha. Bomba nene halipindi. Lakini linataka grisi, na grisi ya miaka imekauka. Ule mlio wa "kok, kok" ambao kijana alidhani ni shokapu kufa ulikuwa kiu tu. Fundi anachomoa bomba, analifuta kwa kitambaa, anapitisha kidole kuzunguka lote akitafuta mkwaruzo, anapaka grisi mpya na kulirudisha. Analisukuma kwa kiganja. Linashuka polepole, bila kukwama, kisha linapanda lenyewe. Moja kati ya nne ndiyo imevuja oili. Tatu bado zina maisha.

Seti zote tatu ni za bomba moja lenye gesi ya naitrojeni chini ya shinikizo, ikitengwa na oili kwa pistoni inayoelea. Wazo hilo lilitoka kwa Mfaransa, Christian Bourcier de Carbon, na kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ikaliingiza kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Shinikizo linaizuia oili kutoa povu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo, shokapu inapopanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, oili yenye povu haizuii kitu tena, na gari huanza kuteleza pembeni hata usukani ukiwa umenyooka.

Zile za Sweden ndizo zilizonivutia mimi. Öhlins wana vali inayofunguka haraka gurudumu linapopigwa ghafla, iwe linapanda au linashuka, kisha inarudi kwenye ukali wake. Ukiisukuma polepole inakataa, ukiigonga inakubali. (Tangu 2025 kampuni hiyo ni mali ya Brembo, kwa hiyo breki na shokapu za gari hili zingekuwa za nyumba moja.) Fundi aliiinua ya mbele kulia, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kitambaa cheupe shingoni mwa fimbo. Kitambaa kilitoka na doa. Hakusema neno. Aliisukuma ndani, akahesabu kimoyomoyo, akaisukuma ya kushoto, akahesabu tena. Zilitofautiana. Sili imechoka na gesi imepungua. Inahitaji kufunguliwa, kuoshwa, kuwekewa sili mpya na kujazwa naitrojeni kwa kipimo. Akazifunga zote nne kwenye gazeti na kuziweka rafu ya juu mpaka sili zipatikane. Mwenye gari alizisindikiza kwa macho.

Zikabaki za Taiwan. Hazikugeuzwa juu chini kama za kiwandani, na hilo fundi alilitaja bila kulificha. Uzuri wake ni kwamba zinarekebishwa, na nyuzi zake ni ndefu. Springi ya koilova husomwa kwa kilo kwa milimita: ya 4 inabonyea milimita 100 chini ya mzigo wa kilo 400, ya 8 inabonyea 50. Springi ngumu inalizuia gari kulala kwenye kona, ila kila kokoto utalisikia mgongoni.

Hapa ndipo tofauti ya fundi na mfungaji inapoonekana. Mfungaji akitaka gari lishuke hulegeza pete inayobana springi. Fundi haigusi pete hiyo, isipokuwa kuhakikisha springi imekaa bila kucheza. Anazungusha kikombe cha chini, kile kinachoshika habu, hivyo urefu unabadilika na mwendo wa shokapu unabaki mzima. Anapima kwa kalipa nyuzi zilizoingia ndani ya kikombe, kushoto na kulia, anapaka grisi ya kuzuia kutu, kisha anakaza pete za kufungia kwa spana ya ndoano.

Kijana aliomba lishuke inchi mbili. Fundi alichora sakafuni kwa chaki ile ile: mkono wa chini unaotoka kwenye fremu kwenda kwenye gurudumu. Gari likishuka sana, mkono huo unaelekea juu, na nukta ambayo mwili wa gari unalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko mwili wenyewe. Gari lililoshushwa ovyo hulala zaidi, si pungufu. Walikubaliana milimita 15.

Kufunga kulikwenda kwa mpangilio wa kufungua, kinyume chake, na sitalieleza lote. Jambo moja tu lilinishika. Bushi za mikono ya chini ni mpira uliogandishwa kwenye chuma pande zote mbili, hauzunguki, unajikunja. Ukikaza bolti zake gari likiwa hewani, siku likishuka mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, na utachanika mapema hata uwe wa bei gani. Fundi alizikaza kwa vidole tu, akashusha gari, akalisukuma huku na huku, akalibonyeza kila pembe mpaka likatulia. Kisha akaingia chini kupitia shimo la gereji na kuzikaza kwa spana ya kupimia mkazo, gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

Halafu ukatoka mpira wa maji. Kama waashi, fundi hutumia mpira mwembamba wenye maji kujua kama sakafu iko sawa chini ya magurudumu manne. Penye upungufu anaweka bati. Chini ya kila tairi anaweka vigae viwili vyenye grisi katikati, ili gurudumu lijipange lenyewe bila kushikwa na sakafu. Anavuta mshipi wa kuvulia samaki kwenye stendi, kila upande wa gari, akiupima kutoka katikati ya habu, si kutoka kwenye tairi, maana upana wa mbele na wa nyuma haulingani. Rula ya chuma inasoma umbali kutoka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu na wa nyuma. Magurudumu ya mbele, tofauti sifuri. Ya nyuma, milimita 1 kwenda ndani kila upande.

Mlalo wa gurudumu anaupima kwa timazi. Uzi unaning'inia mbele ya rimu. Kwa mlalo wa nyuzi 1.5, kwenye rimu ya inchi 17 panatakiwa tofauti ya karibu milimita 12 kati ya juu na chini. Alilegeza ile bolti yenye duara, akaigeuza kidogo, akasubiri uzi utulie, akasoma. Akageuza tena. Fundi msaidizi alipumzika, akanywa chai, akarudi, na mzee bado alikuwa amechuchumaa mbele ya uzi ule.

Mwisho ni kitufe cha juu ya shokapu, chenye hatua 30. Alikizungusha taratibu mpaka kwenye ugumu wote, kisha akahesabu kurudi nyuma hatua 18 mbele na 20 nyuma, sawa kila upande. Wakaenda barabarani, kipande chenye tuta, rasta na kona ya kushoto. Walirudi. Hatua 2 zaidi za ulaini nyuma. Wakaenda tena kipande kilekile, kwa mwendo uleule.

Namba zote aliziandika kwenye plasta ya karatasi na kuibandika ndani ya boneti: urefu, hatua, milimita, tarehe. Alimwambia kijana arudi baada ya kilomita 500, kwa sababu springi mpya hukaa na nati hulegea, na asiguse vitufe mpaka siku hiyo. Kijana aliuliza kuhusu stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona, iliyo nene zaidi, ya milimita 22 badala ya 20. Mzee alikokotoa ugumu wake kwenye kipande cha boksi, ukatoka karibu nusu zaidi, akasema watazungumza hilo baada ya hizo kilomita 500.