Uhakiki: Mchezo wa Celeste na Hofu ya Kukosea

Aghalabu ukurasa huu huhakiki riwaya, tamthilia na diwani. Safari hii tunahakiki mchezo wa kompyuta. Tunajua wapo watakaouliza fasihi imeingiaje hapo. Tunawaomba wavute subira.

Mchezo wenyewe ni Celeste, uliotolewa mwaka 2018 na Maddy Thorson, Noel Berry na kikundi kidogo cha wenzao. Muziki wake ulitungwa na Lena Raine. Mhusika mkuu ni Madeline, msichana anayepanda mlima Celeste nchini Kanada. Anasumbuliwa na wasiwasi usiomwacha apumue, hali ambayo Kiswahili kina neno lake zuri: jakamoyo. Katika sura ya pili kioo kinapasuka, na humo anatoka Madeline mwingine, mwenye nywele za zambarau, anayemwambia kwamba mlima huu hauwezi.

Tuanze na fani. Mchezaji ana mambo matatu tu ya kufanya: kuruka, kung'ang'ania ukuta, na kuchomoka kwa kasi hewani. Nywele za Madeline ni nyekundu. Akishachomoka hugeuka buluu, ishara kwamba hawezi tena mpaka apate pa kukanyaga. Akigusa miiba hufa, na papo hapo hufufuka mwanzoni mwa chumba kilekile. Kila kifo huhesabiwa, na mchezo humtia moyo mchezaji ajivunie hesabu hiyo badala ya kuionea haya. Sisi tulifika kileleni baada ya vifo 2,314.

Sasa tutazame maudhui. Katika sura ya sita Madeline anamwambia yule mwenzake kwamba hamhitaji tena na atamwacha nyuma. Mwenzake anaghadhibika. Madeline anajaribu kujituliza kwa mbinu aliyofundishwa na rafiki yake Theo, ya kuwazia unyoya unaoelea kwa pumzi zake. Mwenzake anaukata unyoya huo na kumporomosha hadi chini kabisa. Ni baada ya kumfuata, kumsikiliza na kupatana naye ndipo Madeline anapoweza kuchomoka mara mbili hewani badala ya moja. Hapa ndipo tunapoona umahiri wa watunzi: upatanisho hausimuliwi kwa maneno peke yake, bali mchezaji anauhisi vidoleni. Fani na maudhui, ambavyo darasani tunazoea kuvitenganisha kwa ajili ya mtihani, hapa havitengani.

Hata hivyo kazi hii haikosi kasoro. Kabla ya upatanisho huo, bibi kizee anayeishi mlimani anamshauri Madeline azungumze na mwenzake ajue anaogopa nini. Ushauri ni wa busara, lakini unafumbua fumbo mapema mno. Laiti watunzi wangeiamini mikono ya mchezaji, wangemwacha agundue mwenyewe.

Wapo pia wanaolaumu sehemu ya usaidizi, inayomruhusu mchezaji kupunguza kasi au hata kutokufa kabisa. Wanasema inaua changamoto. Sisi hatukubaliani nao. Anayeshika ukuta ili asianguke bado anapanda.

Je, haya yanatuhusu nini sisi walimu wa Kiswahili? Wanafunzi wetu wengi hapa Uganda hukutana na Kiswahili wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima. Wanajua ngeli kwenye karatasi, lakini ukiwaambia wazungumze, wananyamaza. Wanaogopa kusema "kitabu yangu" wakachekwa. Na sisi, kwa kalamu nyekundu, tunahesabu makosa yao kama madeni. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alituambia kwamba ameacha kuinua mkono tangu tulipomsahihisha mbele ya wenzake. Tulikuwa tumesahau tukio hilo. Yeye hakusahau.

Celeste nayo huhesabu makosa, tena yote, bila kuficha hata moja. Tofauti ni kwamba humrudisha mchezaji karibu na pale alipoangukia, mara moja, bila kumcheka. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Muhula huu tumeanza kumpa mwanafunzi nafasi ya kuirudia sentensi yake kabla hatujaisahihisha. Wenzetu mliokwisha kujaribu njia hii, tunawaalika mtuandikie uzoefu wenu kwa ajili ya toleo lijalo.