Sehemu ya Pili ya "Black Panther": Msiba Uliokosa Nafasi

Sinema iitwayo "Black Panther: Wakanda Forever", iliyotolewa Novemba 2022 chini ya uongozi wa Ryan Coogler, ilipewa kazi wanayopewa watungaji wachache: kuendeleza hadithi ya shujaa pasipo shujaa mwenyewe. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa katika sehemu ya kwanza ya mwaka 2018, alifariki dunia tarehe 28 Agosti 2020 kwa maradhi ya saratani. Wenye sinema walikata shauri kwamba nafasi yake isipewe mchezaji mwingine. Shauri hilo lilikuwa la heshima, na upungufu wa sehemu ya pili hauanzii hapo. Unaanzia pale ambapo sinema, ikiwa imekabidhiwa msiba wa kweli, iliona kwamba msiba peke yake hautoshi kuwaketisha watazamaji.

T'Challa alizaliwa katika vitabu vya picha vya Marekani mwaka 1966, kwa mikono ya Stan Lee na Jack Kirby. Katika mwaka huohuo Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ambayo maneno yake ni ya Kiswahili, na katika televisheni ya Marekani akatokea Uhura wa "Star Trek", ambaye jina lake limetokana na neno uhuru. Marekani ya siku zile ilikuwa ikijitafutia Afrika ya kuwaza. Wakanda, ufalme ambao sinema imeuweka Afrika ya Mashariki na ambao haukupata kutawaliwa na mgeni, ni zao la tamaa hiyo. Sinema ya mwaka 2018 ililichukua zao hilo ikalitia swali zito. Adui wake, Erik Killmonger, ni mwana wa Wakanda aliyeachwa yatima Oakland. Anauliza ilikuwa wapi nchi yenye uwezo mkubwa kiasi kile wakati ndugu zake walipotiwa minyororo. Mfalme humshinda kwa silaha, lakini kabla ya hapo amekwisha kushindwa naye kwa hoja, hata akawakemea wahenga wake mwenyewe; na mwishoni hufungua milango ya nchi iliyojificha tangu enzi. Sinema hiyo ilichuma zaidi ya dola milioni 1,300, ikapata tuzo tatu za Oscar. Hizo si sababu za kuisifu. Sababu ni kwamba ndani yake fikira ya adui ilibadili sheria ya nchi, jambo ambalo ni adimu katika hadithi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, ambamo aghalabu adui huwepo ili apigwe.

Sehemu ya pili inaanza vizuri kuliko ilivyoanza ya kwanza. Shuri, dada wa mfalme, anahangaika katika maabara yake kutafuta dawa. Mama anaingia kumwarifu kwamba mambo yamekwisha. Mgonjwa haonekani. Kisha watu wa Wakanda wanatoka kwa mavazi meupe, wanacheza, wanaimba, na jeneza linapaa. Katika dakika hizo chache hapana neno la ziada. Walakini mara maandishi yanatangaza kwamba mwaka mmoja umepita, na maombolezo yanaahirishwa kama shauri la mahakamani.

Wajuzi wa tenzi watakumbuka jinsi Muhammad Kijumwa, katika utenzi wake wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, alivyoishughulikia maiti ya shujaa. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe. Amepiga goti kisimani na upinde mkononi, amekwisha kufa, na watu hawathubutu kuteka maji. Mtungaji hana haraka. Anaiacha maiti pale, mji upate kiu, mama aje kumbembeleza mwanawe, mpaka mwili uanguke na watu wajue. Hofu na huzuni za mji mzima zimo katika kule kungoja. Wakanda nayo ilihitaji kisima cha namna hiyo. Badala yake ilipewa meli, ndege, chombo cha kutambulia madini chini ya bahari, mwanafunzi wa Marekani aliyekibuni, na mkuu wa ujasusi anayeingia na kutoka akisema mizaha.

Mengi ya hayo hayakuwekwa kwa haja ya hadithi hii. Riri Williams, yule mwanafunzi, alikuja kupewa mchezo wake wa televisheni, "Ironheart", uliotolewa mwaka 2025. Valentina, yule mkuu wa ujasusi, ni mhusika anayezunguka katika michezo mingine ya kampuni ileile. Hivyo sinema yenye dakika 161 inatumia sehemu yake kubwa kuwa duka la bidhaa zitakazokuja. Msomaji wa riwaya angeudhika akikuta sura ya kitabu kingine imeshonwa katikati ya kitabu alichokinunua. Mtazamaji wa mifululizo hii amezoezwa kushukuru.

Lakini hasara iliyo kubwa zaidi imo katika vita vyenyewe. Namor, mfalme wa Talokan aliyechezwa na Tenoch Huerta, ni mhusika wa zamani wa mwaka 1939, naye katika vitabu alikuwa mtu wa Atlantis. Coogler na mwandishi mwenziwe Joe Robert Cole walimfanya mzao wa Wamaya waliokimbilia chini ya maji kwa sababu ya maradhi na utumwa vilivyoletwa na Wahispania. Wazo hili ni bora. Watu wawili walioonewa na walafi wa namna moja wanakutana, kila mmoja akiwa na madini ambayo dunia inayataka. Mwanzoni sinema inatuonyesha walafi hao waziwazi: askari wa Ufaransa wanavamia kituo cha Wakanda nchini Mali, na Wamarekani wanachimbua kilindi cha bahari. Halafu inawasahau. Wakanda na Talokan wanauana juu ya merikebu, Malkia Ramonda anakufa maji akimwokoa Riri, na wale waliouwasha moto wanabaki makwao salama. Shuri anapomweka Namor chini ya mkuki wake na kumsamehe, msamaha unamjia kwa sura ya mama yake kumpitia akilini, wala hautokani na hoja yoyote ambayo Namor amepata kuisema. Anamlazimisha kusalimu amri, naye anakubali huku akihesabu faida yake ya baadaye. Fikira za Killmonger ziliifungua Wakanda. Fikira za Namor hazikuihamisha hata hatua moja.

Hata mwonekano wa Killmonger mwenyewe katika ulimwengu wa wahenga unathibitisha jambo hili. Shuri alitarajia kumkuta mama yake. Anamkuta yeye, akiwa amestarehe katika kiti cha enzi, akimuuliza kama atakuwa muungwana kama kaka yake au atalipiza. Kwa dakika hizo sinema inapata uhai, na inaupata kwa kuazima kutoka sehemu ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo sehemu ya pili imeipita ya kwanza, nalo linawahusu wanafunzi wa lugha. Lugha ya Wakanda ni Kixhosa, na haikuchaguliwa kwa uchunguzi wa ramani: mchezaji wa Afrika ya Kusini John Kani, aliyekuwa baba wa T'Challa katika sinema ya mwaka 2016, alipendekeza baba na mwana wasemezane kwa Kixhosa, na ikawa hivyo. Wako wanaouliza kwa nini ufalme wa Afrika ya Mashariki usiseme Kiswahili. Swali hilo si la maana sana katika nchi ya kubuni. La maana ni lugha hiyo imepewa kazi gani. Katika sinema zote mbili Kixhosa husalimia, huamuru na kutia moyo vitani. Baraza la Wakanda linapojadili jambo kubwa, kwa sehemu kubwa hujadili kwa Kiingereza. Na majina kama T'Challa na M'Baku yana alama ya ritifaa isiyo na sauti ya kuiwakilisha, tofauti na ile ya ng'ombe wa Kiswahili, ambayo ikiondolewa neno huharibika. Watu wa Talokan, kinyume chake, hufikiri, hulalamika na kufanya siasa kwa Kimaya cha Yucatán, na mtazamaji hulazimika kusoma tafsiri chini ya picha. Matokeo yake ni kwamba mgeni aliyetoka baharini anaonekana kuwa na kwao zaidi kuliko mwenyeji.

Mavazi ya Ruth E. Carter yalipata Oscar kwa mara ya pili, kwa haki. Angela Bassett, katika nafasi ya Ramonda, anaubeba msiba kwa sauti na shingo yake pale ambapo maandishi yameuacha. Na baada ya majina ya kwanza ya wachezaji kupita, Shuri ameketi ufukoni Haiti akiyachoma mavazi ya matanga, ndipo Nakia, anayechezwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, anamletea mtoto wa T'Challa aliyefichwa mbali na kiti cha enzi. Jina lake ni Toussaint, katika nchi ambayo watumwa wake walijikomboa wenyewe mwaka 1804. Wanazungumza kwa sauti ya chini, bila silaha na bila chombo chochote cha ajabu. Ndiyo mazungumzo ambayo sinema ilikuwa ikiyadai tangu jeneza lilipopaa, na yamewekwa baada ya hadithi kwisha.